Mjomba Akitafuta Pampu: Siku Moja kwenye Mfereji wa Welland

Mwezi Septemba mjomba wangu alikuja kututembelea hapa Hamilton, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, nami nikampeleka kwenye Maporomoko ya Niagara kama anavyopelekwa kila mgeni anayefika upande huu. Aliyatazama kwa heshima, akalowa manyunyu, akakubali kupigwa picha moja, kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka yote ya kupeleka wageni pale sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote: "Mwanangu, umeniambia kwamba juu ya haya maji kuna ziwa, na chini yake kuna ziwa jingine. Meli zinapitaje hapa?"

Mjomba alifanya kazi kwenye matishari ya bandari ya Tanga tangu ujanani hadi alipostaafu. Kwa wasioijua Tanga ya zamani, gati zake zilikuwa na maji haba, kwa hiyo meli kubwa zilitia nanga ghubani, na shehena, hasa marobota ya mkonge, ilipelekwa na kuletwa kwa matishari yaliyovutwa na boti. Hali hiyo iliendelea mpaka gati zilipochimbwa kina miaka hii ya karibuni. Sisi watoto tulizijua meli kwa mbali tu, tukiwa tumekaa Raskazone, kama vitu vidogo vya rangi ya kutu vilivyosimama nje ya kisiwa cha Toten. Yeye alizijua kwa ubavu: kuta za chuma zilizomsimamia juu ya kichwa huku tishari likinyanyuliwa na kushushwa na mawimbi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumjibu kwamba meli huzunguka kwa njia nyingine, ukanyamaza. Nikamwahidi kwamba kesho yake atakwenda kuona mwenyewe.

Njia yenyewe ni Mfereji wa Welland, ambao umekata nchi kilomita chache magharibi ya maporomoko, kutoka Port Weller kwenye Ziwa Ontario hadi Port Colborne kwenye Ziwa Erie, urefu wa kilomita 43 hivi. Ziwa Erie liko juu ya Ziwa Ontario kwa karibu mita 100, na meli hupandishwa kimo hicho kwa hatua nane. Wengi wetu tukisikia neno mfereji wa meli tunafikiria Suez, ambao tangu ulipofunguliwa mwaka 1869 haujawahi kuhitaji hatua hata moja, kwa sababu bahari za pande zake mbili zinakaribia kulingana. Wengine hufikiria Panama, ambako meli hupandishwa mita 26 na kushushwa tena upande wa pili. Hapa Welland meli hupanda karibu mara nne ya kimo cha Panama, na haishushwi, kwa maana ikishafika juu ndiyo imeingia ziwani na safari inaendelea.

Kila hatua ni birika kubwa la zege lenye lango la chuma kila upande. Kiingereza hukiita kitu hiki kwa neno lile lile la kufuli, na nilipomfasiria mjomba hivyo alikunja uso, akaniuliza ni nani anayefungia nini. Kwa kuwa Kiswahili hakijakipa jina lililozoeleka, mimi nitakiita loki, nikimaanisha birika pamoja na malango yake. Meli inayopanda huingia kupitia lango la chini wakati maji ya ndani yako sawa na maji ya chini, lango linafungwa nyuma yake, maji ya juu yanaruhusiwa kuingia mpaka yalingane na mfereji wa mbele, kisha lango la mbele linafunguliwa na meli inatoka. Ya kushuka hufanyiwa kinyume chake. Maelezo ni hayo tu, na nilimpa mjomba yote ndani ya gari kabla hatujafika, naye akayapokea kama anavyopokea taarifa nyingi za simu yangu: kwa adabu, bila kuamini.

Tulikwenda kwenye loki ya tatu, mjini St. Catharines, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Hamilton. Pale pana makumbusho ya mji na ya mfereji, ambayo anwani yake ina namba 1932, mwaka ambao mfereji huu wa sasa ulifunguliwa rasmi, na kando yake pana jukwaa lililoinuliwa ambalo mtu husimama akaitazama loki kwa karibu sana. Nawashauri wanaotaka kwenda wasifanye kosa langu la mara ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, nilipokwenda bila kuulizia ratiba, nikakaa saa tatu nikitazama maji ya kijani yasiyotikisika, na meli ya kwanza ikapita nikiwa nimesharudi nyumbani kupika. Mamlaka ya njia hii ya meli huonyesha kwenye intaneti mahali ilipo kila meli, na mtu akijua kwamba fulani imeingia loki ya kwanza anaweza kukisia itafika lini ya tatu. Mfereji mzima huchukua saa kumi na moja hivi kuuvuka, kwa hiyo hakuna kitu kinachotokea ghafla.

Tulipofika, loki ilikuwa imeshushwa maji ikisubiri meli ya kupanda. Mjomba alishika ukuta wa jukwaa akachungulia. Hilo ni shimo la kutisha: urefu wake ni karibu mita 262, upana mita 24.4, na kutoka ukingoni hadi kwenye maji ya chini ni zaidi ya kimo cha nyumba ya ghorofa nne. Kuta zilikuwa zikitiririka maji, nyeusi, zenye magamba ya uteute, na harufu iliyopanda ilikuwa ya kisima. Mbele ya lango palikuwa na kamba nene ya chuma iliyokingamishwa ili meli ikishindwa kusimama isiligonge lango. Mjomba aliikodolea macho kamba ile kwa muda mrefu, akasema aliyeiweka pale ni mtu aliyewahi kuona meli ikikataa kusimama.

Jukwaani tulimkuta mzee mmoja Mkanada mwenye darubini na daftari. Wapo wengi wa namna yake hapa, wastaafu kwa sehemu kubwa, wanaoandika jina la kila meli inayopita na tarehe yake, na ambao wanaweza kukuambia meli fulani ilibadilishwa jina mara ngapi. Yeye na mjomba walisalimiana kwa kichwa, na baada ya dakika tano walikuwa wanazungumza kwa Kiingereza cha bandarini ambacho sikuwahi kujua kwamba mjomba anacho: maneno machache, yote majina ya vitu, yanayotosha kabisa.

Meli ilianza kuonekana juu ya miti. Ndivyo zinavyokuja huku: huoni maji, unaona nyumba nyeupe ya ghorofa ikitembea nyuma ya miti ya bustani za watu, taratibu, kama jengo lililoamua kuhama. Ilipopinda na kuelekea kwetu tuliona umbo lake halisi, na mjomba akaguna. Meli za maziwa haya hazifanani na za baharini. Ni ndefu na nyembamba kupita kiasi, mbavu zake zimesimama wima kama kuta za sanduku, na omo yake, yaani sehemu ya mbele, ni butu, kwa sababu zimeundwa kwa kipimo cha loki na si kwa kipimo cha mawimbi. Urefu wa juu unaoruhusiwa ni mita 225.5, upana mita 23.8. Ukitoa upana huo kwenye mita 24.4 za loki utaona kilichobaki ni sentimita 60, yaani sentimita 30 kila upande, kama rula ya mtoto wa shule.

Nilimwambia mjomba kipimo hicho naye hakunijibu. Alikuwa ameshaanza kuisoma meli. Aliniambia imeshiba, kwa kuwa namba za kina zilizoandikwa omoni zilikuwa zimezama hadi karibu na nane, na mita 8.08 ndicho kina cha mwisho kinachoruhusiwa katika mfereji huu. Mzee wa darubini alithibitisha kwamba imebeba mawe ya chuma kutoka Quebec inayapeleka kwenye bandari ya Ziwa Erie. Meli ya kipimo hiki hubeba zaidi ya tani 25,000, ambazo ukitaka kuzipitisha barabarani kwa malori ya tani thelathini utahitaji malori zaidi ya mia nane. Mjomba alipiga hesabu kwa matishari, akaishia kucheka.

Kisha ikaingia, na kilichonishangaza, kama kilivyonishangaza mara zote nilizokwenda, ni kimya. Chuma chenye uzito wote huo kilipita mbele yetu kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, na sauti iliyosikika ilikuwa ya maji yaliyobanwa kati ya ubavu na ukuta yakitafuta pa kutokea, pamoja na mabaharia wawili waliokuwa wakizungumza juu ya jambo lisilohusiana na meli hata kidogo. Sitaha ilikuwa chini yetu. Tuliweza kuona vifuniko vya ngama, yaani vyumba vya shehena, vimepangwa mstari mrefu, baiskeli imeegemezwa ukutani, na kikombe cha mtu juu ya kifuniko kimojawapo. Katika Raskazone nilihitaji mawazo ili nijue kwamba ndani ya vile vitu vidogo mlikuwa na watu. Hapa ningeweza kumwomba baharia yule anirushie kikombe.

Mjomba alikuwa akisubiri kamba. Alijua kwamba meli ikifika mahali inatupa kamba na kuna watu wa kuzipokea, na kazi hiyo aliijua vizuri kiasi cha kuwa na kovu la kiganja. Kamba hazikutupwa. Kutoka ukutani yalitoka mabamba makubwa yenye kingo za mpira, yakaukumbatia ubavu wa meli, yakanyonya hewa mpaka yakaganda, basi, meli ikawa imefungwa. Mabamba hayo yamewekwa kwenye reli za wima ndani ya ukuta na hupanda pamoja na meli maji yanapopanda. Yalianza kuwekwa katika loki za njia hii ndani ya miaka kumi na mitano hivi iliyopita, na tangu hapo wale watu waliokuwa wakikimbia juu ya ukuta na kamba mabegani hawaonekani tena. Hata wanaofungua malango hawako pale, wanaendesha kwa kamera kutoka kituo kimoja mjini. Mjomba alitazama huku na huku juu ya ukuta mtupu, akauliza, "Watu wako wapi?" Nikamweleza. Akasema, "Haya," kwa namna ile ya kizee ambayo si kukubali wala kukataa.

Malango yakafungwa. Haya ningependa yatazamwe kwa makini na kila anayekwenda, kwa sababu ndiyo akili yote ya kitu hiki. Mbawa mbili za lango zikikutana hazinyooki kuwa ukuta mmoja, bali zinafanya pembe, kama ncha ya mkuki inayoelekea upande wa maji ya juu. Kwa hiyo maji yanapolisukuma lango yanazidi kuzibana mbawa zake, na kadiri maji yanavyokuwa mengi ndivyo lango linavyojifunga vizuri zaidi. Hakuna komeo. Mjomba alielewa jambo hili kabla sijamaliza kulieleza, akaonyesha kwa viganja vyake viwili vilivyoegemeana.

Halafu maji yakaanza kupanda, na mjomba akaanza kutafuta pampu.

Hakuziona, akadhani ziko ndani ya jengo la makumbusho. Akasikiliza ardhi kwa mguu. Akaniuliza ni injini ya namna gani inayoweza kuinua tani elfu ishirini na tano za mawe bila kutoa mlio, na je, inatumia dizeli au umeme. Nilimwambia hakuna pampu, naye akanitazama kama nilivyokuwa nikitazamwa nilipokuwa na miaka minane nikidai sijala embe. Ikabidi mzee wa darubini aitwe kuwa shahidi. Ndani ya kuta za loki mna mifereji ya chini kwa chini, mikubwa, inayounganisha maji ya juu na sakafu ya birika, na kazi yote ya mwendeshaji ni kufungua vali. Maji yanashuka kwa uzito wake mwenyewe kutoka upande wa juu, ambao nao unalishwa na upande wa juu zaidi, hadi Ziwa Erie lenyewe. Meli ya kushuka ikija, maji hayo hayo yanaachiliwa kwenda chini, hatua kwa hatua, hadi Ziwa Ontario. Vali na malango yanahitaji umeme kidogo, lakini kuinua hakuhitaji chochote.

"Basi ziwa ndilo linalofanya kazi," mjomba akasema, "na ninyi mnafungua bomba tu."

Ikapanda karibu mita 14 kwa dakika kumi hivi. Mtu wa pwani ana namna yake ya kulipima jambo kama hilo: bamvua zetu, zile za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hazifiki mita tano, na huchukua saa sita kujaa. Hapa bamvua karibu tatu zilikuja kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Hukuhisi haraka yoyote. Ulikuwa ukimtazama baharia chini yako, ukageuka kusema neno, ukarudi ukakuta mko sawa uso kwa uso, na baada ya hapo ni yeye aliyekutazama kutoka juu. Ubavu wa meli ulikuwa umesimama mbele yetu kama ukuta wa gereza, ukizuia jua.

Mjomba aliuliza kama ziwa haliishi kwa matumizi hayo. Ni swali la haki, maana loki moja humeza takriban lita milioni 90 kwa meli moja. Lakini Mto Niagara, ambao ndio njia halisi ya maji ya Erie, hupitisha kwa wastani zaidi ya mita za ujazo 5,500 kila sekunde, kwa hiyo maji yote ya loki ile hupita mtoni kwa chini ya sekunde ishirini. Yale maporomoko tuliyoyatazama jana yake yakituloanisha bure na hii meli iliyoinuliwa kimya ni nguvu moja ya kushuka kwa ziwa moja. Nakiri kwamba tangu siku ile nayaona maporomoko kama ufujaji, ingawa najua sehemu ya maji ya mto huo inaendesha mitambo ya umeme ya nchi mbili.

Meli ilipotoka tulivuka kwenda kwenye mnara wa kumbukumbu ulio karibu na loki, ambao uliwekwa mwaka 2017. Una majina ya wafanyakazi zaidi ya 130 waliokufa wakati wa ujenzi wa mfereji huu, ujenzi ulioanza mwaka 1913, ukasimama kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ukaendelea tena hadi 1932. Siku mbaya kuliko zote ilikuwa tarehe 1 Agosti 1928, kwenye loki ya sita, ambako watu kumi walikufa lango lililokuwa likiwekwa lilipoanguka. Mjomba alisoma majina kwa sauti ya chini, akiyakosea karibu yote, na hakuruka hata moja. Ilichukua muda. Sikumharakisha.

Huu, kwa kweli, ni mfereji wa nne. Wa kwanza ulitokana na shida ya mtu mmoja, William Hamilton Merritt, aliyekuwa na kinu cha kusaga kwenye kijito cha huku na maji yakawa yanampungukia. Akaanza kwa kufikiria mtaro wa kuleta maji kinuni, na wazo likakua hadi likawa njia ya meli, hasa Wamarekani walipofungua Mfereji wa Erie mwaka 1825 na kuanza kuivuta biashara yote ya maziwa kuelekea New York. Kampuni yake iliundwa mwaka 1824, na Novemba 1829 jahazi mbili zikapita. Ulikuwa na loki 40 za mbao, ndogo, na uligharimu jasho la vibarua wengi wa Kiairishi. Ukafuata wa pili, wa mawe, kisha wa tatu wenye loki 26, na kila mara sababu ilikuwa ile ile: meli zimekuwa kubwa, loki haziwezi kukua. Mabaki yao bado yako mjini. Unaweza kukuta ukuta wa mawe yaliyochongwa vizuri ukipita katikati ya uwanja wa gofu.

Mwaka 1959 ilipofunguliwa njia yote ya Mto St. Lawrence, Welland ukawa kipande cha ngazi ndefu zaidi. Leo meli kutoka bahari ya Atlantiki hupitia loki saba kutoka Montreal hadi Ziwa Ontario, nane hapa, na moja zaidi Sault Ste. Marie, ikafika Ziwa Superior mita 183 juu ya usawa wa bahari, na ikitaka inakwenda hadi Duluth, zaidi ya kilomita 3,700 kutoka baharini. Haya ndiyo yanayoitwa Maziwa Makuu huku, jina ambalo mjomba alikataa katakata kuwapa. Kwake Maziwa Makuu ni yetu, na haya watafute jina lao.

Ngazi hiyo haikuwapandisha watu wema tu. Maporomoko ya Niagara yalikuwa ukuta ambao samaki wa chini hawakuweza kuuruka, na mfereji ukawafungulia mlango. Mwaka 1921 alionekana ndani ya Ziwa Erie samaki mwenye umbo la mkunga na mdomo wa duara uliojaa meno, ambaye hujibandika kwenye ubavu wa samaki mwingine akamnyonya damu. Katika miaka iliyofuata alienea maziwa yote ya juu, akaangamiza uvuvi wa samaki wakubwa, na hadi leo Kanada na Marekani hutumia fedha kila mwaka kumdhibiti. Baadaye maji ya farumi ya meli za ng'ambo, yale ambayo meli hubeba ili isiyumbe, yakaleta kome wadogo wenye mistari ambao huziba mabomba. Mjomba hakushangaa, alinikumbusha sangara na Ziwa Viktoria, akasema samaki haombi viza.

Mchana tulikwenda Thorold, kilomita chache kusini, mahali ambapo mfereji unapanda genge lenyewe, yaani ule ukingo wa mwamba ulio kati ya ziwa la juu na la chini. Loki ya nne, ya tano na ya sita zimefuatana bila nafasi kati yao, lango la juu la moja ndilo lango la chini la nyingine, na zimejengwa mbili mbili sambamba ili wanaopanda wasiwasubirishe wanaoshuka. Meli hupandishwa zaidi ya mita 40 bila kupumzika. Ukisimama chini yake ukatazama juu utaona omo ya meli imetokeza angani mahali ambapo macho yako yalitegemea kuona mawingu, na pengine hiki ndicho kitu cha ajabu kuliko vyote huku, lakini siwezi kukieleza zaidi ya hapo na picha zangu zote ziliharibika kwa jua.

Tukala sambusa tulizobeba, tukatazama meli ya baharini ikishuka. Hizi hutambulikana mara moja: zina winchi za kupakulia juu ya sitaha, omo iliyochongoka, na kutu nyingi zaidi, kwa sababu meli za maziwa hazionji chumvi na nyingi hufanya kazi kwa miongo minne au zaidi. Mjomba alinionyesha ubavuni alama za mistari zinazoonyesha mahali meli inaporuhusiwa kuzama, na mstari wa maji baridi ukiwa juu ya ule wa maji ya chumvi. Maji baridi ni mepesi, alinifundisha, hayabebi kama ya bahari, kwa hiyo meli ile ile yenye mzigo ule ule huzama zaidi ziwani. Nilikuwa nimeitazama alama hiyo mara nyingi nikidhani ni nembo ya kampuni.

Mzee wa darubini alikuwa ametuambia pia turudi mwezi Machi. Mfereji hufungwa tangu mwisho wa Desemba au mwanzo wa Januari kwa ajili ya barafu, loki hukaushwa na kufanyiwa matengenezo, na meli ya kwanza ya msimu mpya inapopita nahodha wake huvishwa kofia ndefu ya kizamani kwa sherehe fupi. Mjomba alitaka kujua kama kofia anabaki nayo. Anaivaa, anapigwa picha, anairudisha. Jambo hilo lilimkera kuliko habari ya kamba.

Jioni niliamua tuvuke daraja la Glendale kwenda upande wa mashamba kununua pichi kabla msimu wake haujaisha. Tulipokaribia, taa nyekundu zikawaka, kengele ikalia, na daraja zima, na lami yake na mistari yake, likanyanyuliwa wima kati ya minara yake miwili. Magari yakajipanga nyuma yetu, na dereva mmoja akapiga honi, sijui akimpigia nani. Ilikuwa ile ile meli ya baharini tuliyoiacha Thorold, sasa imemaliza ngazi na inaelekea loki ya tatu. Mjomba alishuka garini. Ilipita mbele yetu polepole, omo, kisha winchi, kisha nyumba ya mabaharia, na tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, ilipotufikia akasoma kwa sauti bandari iliyoandikwa chini ya jina.

"Majuro. Majuro ni wapi?"

Nikamwambia ni mji mkuu wa Visiwa vya Marshall, katikati ya bahari ya Pasifiki, na kwamba pengine meli hii haijawahi kufika huko hata siku moja, imeandikishwa tu.

"Kama zile zinazopeperusha bendera ya Zanzibar," akasema, "na nahodha hajui hata harufu ya karafuu." Akaanza kucheka, akashika boneti ya gari, na alikuwa bado anacheka daraja lilipotua na yule mwenye honi akaanza tena.